Nakala Thelathini na Nane za Punda Sitaki

Mombasa, 6 Rajabu 1330

Kwa Shangazi yangu Bi Kibibi, Shella, Malindi.

Shikamoo Shangazi. Barua hii ikufikie u mzima, wewe na wote wa nyumbani. Sisi hapa hatujambo. Baba goti bado lamsumbua akipanda ngazi, lakini kusema kwake hakujapungua. Mke wangu Shekha ana mimba ya miezi mitano na hali chochote kisichotiwa ndimu. Anakuamkia sana.

Ama baada ya hayo, ninayo maneno ya kazi, nami nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Bwana Gokaldas, tajiri wangu mwenye mtambo wa chapa, ameniagiza nikupe hesabu za karatasi zako za hadithi. Karatasi ya kwanza ya Punda Sitaki iliuzwa Malindi nakala sitini. Ya pili, hamsini na mbili. Ya tatu, thelathini na nane. Wewe mwenyewe waona zinavyokwenda. Kwa upande wa pili, ile hadithi ya Simba Sultani imefika karatasi ya tano, na huko kwenu Malindi peke yake zimekwenda nakala mia nne. Mtunzi wake ni kijana mmoja wa hapa ambaye hataki jina lake litajwe. Bwana Gokaldas amsifu sana, asema huyu ameyajua matakwa ya watu.

Tatizo ni mawe. Mtambo una mawe matatu tu ya kuchapia. Moja ni la vibandiko vya maduka, na hilo ndilo linalotulisha, haliguswi. La pili lina simba. La tatu lina karatasi yako ya nne, ile uliyoniletea mwezi uliopita, na bado hatujaichapa. Simba wa sita anangoja jiwe, na mawe mapya ya Bombay hayajulikani yatafika lini. Bwana Gokaldas asema jiwe lako lisuguliwe baada ya Idi, picha zifutike, apewe simba.

Mimi nimekutetea. Nimemwambia Shangazi yangu ni mwepesi wa kufahamu, atabadilisha. Basi nakushauri hivi: chora karatasi ya nne upya. Yule punda arudi kwa bwana wake, aombe radhi, abebe mzigo, na bwana amsamehe. Watu wapenda kumaliza hadithi kwa amani. Nambari zasema hivyo, si mimi.

Mwanao,
Msellem bin Amin


Malindi, 21 Rajabu

Kwa mwanangu Msellem.

Marahaba, na ukue. Mwambie kaka yangu Amin apakwe goti mafuta ya uto yaliyotiwa kitunguu thomu, na apunguze kupanda ngazi za watu. Shekha asitishwe na ndimu, mtoto apenda uchachu huyo. Sisi wazima. Kisima cha uani kimeingia chumvi tena, twateka kwa jirani. Kofia ninazoshona zimenijaa, nina tatu za watu wa Mambrui, na macho bado yaona tundu la sindano, alhamdulillahi.

Nimeisoma barua yako mpaka mwisho kabla ya kukasirika, kama ulivyoomba. Sasa nimekasirika.

Sitini, hamsini na mbili, thelathini na nane! Umezipanga hivyo kama mtu ahesabuye siku za mgonjwa. Mbona hukuandika mlileta ngapi? Kwa kuwa umesahau, mimi nakukumbusha, maana huja kwa Shabbir dukani nami hutuma mtu kuzihesabu zikifika. Ya kwanza mlileta sitini, zikauzwa sitini. Ya pili mlileta hamsini na tano, tatu ziliroa maji ya bahari zikashikana, zikauzwa hamsini na mbili. Ya tatu mlileta arobaini tu. Moja ililiwa na mchwa, moja Shabbir alipangusia taa. Zikauzwa thelathini na nane. Sasa niambie, mwanangu uliyesomeshwa, watu ndio waliompunguza punda, au ni ninyi? Mtu akipakuliwa kijiko kimoja cha wali akakila chote, hamsemi hana njaa.

Na huyo simba mlimletea mia nne. Mimi sijui kama zote zimesomwa. Najua tu zimeondoka dukani.

Ama habari ya punda kuomba radhi, jibu langu ni jina lake. Wewe wajua karatasi ya tatu ilipoishia: kamba imekatika, mlango wa ua uko wazi, punda amesimama kizingitini. Mtaa mzima wa Shella wagombana kama atatoka au hatatoka. Juzi mama mmoja alinifuata hata kisimani kuniuliza, nami nikamwambia ngoja. Karatasi ya nne ndiyo yenye jibu, na jibu hilo mimi sitalibadilisha hata mkisugua mawe yote ya Bombay.

Wewe ulikuwa ukikaa chini ya kitanda changu cha kamba ukinitazama nikichora mapambo ya kofia, ukiwa huna hata meno ya mbele. Ulinipa wewe fikira ya kuchora punda. Usinifundishe leo.

Shangazi yako,
Kibibi

Na aliyekuambia watu wapenda amani ni nani? Muulize Shekha.


Mombasa, 12 Shaabani

Shikamoo Shangazi.

Twamshukuru Mungu kwa uzima. Baba amepakwa mafuta hayo na sasa chumba chote chanuka kitunguu. Shekha anakusalimu.

Shangazi, nisamehe kama nilikosa adabu katika kuandika. Hizo nakala mlizoletewa ni kweli zilipungua, lakini zilipungua kwa sababu Bwana Gokaldas aliona zinapungua. Usicheke. Mwenye duka hutazama kinachokwenda, akakiongeza. Simba alipouza hamsini tulipeleka mia, akauza mia. Mwenye kuagiza hizo mia ni Shabbir mwenyewe kwa mkono wake: "Niletee za simba, zozote, hata za zamani." Barua zake ninazo. Mfanyabiashara mwenye akili kama Shabbir hawezi kuagiza kitu ambacho watu hawakitaki. Hata Marafa kule bara zimefika, wachuuzi wake wameziona mikononi mwa watu.

Kijana aliyemtunga simba, nikimwangalia, hakufanya miujiza. Alijifunza pole pole. Alianza kwa kuiga kazi za wakubwa wake, na nadhani angefurahi sana wakubwa hao wangeisoma hadithi yake na kumwambia neno. Je, wewe umeisoma?

Kuhusu jiwe, nimepata muda. Halitasuguliwa kabla ya mwezi mosi wa Mfunguo Pili. Lakini Bwana Gokaldas ataka kuonyeshwa kitu, si maneno ya kisimani. Asema, "Nionyeshe watu." Hana ubaya, Shangazi. Ni mtu wa hesabu.

Mwanao,
Msellem


Malindi, 28 Shaabani

Kwa mwanangu Msellem.

Marahaba. Mwezi waandama keshokutwa inshallah, nasi tumekwisha kutwanga na kupepeta. Nakutakieni mfungo mwema wote, ila Shekha asifunge na mimba ile, na akikaidi mwambie nimesema mimi.

Gokaldas ataka watu? Atapewa watu.

Umekaa Mombasa miaka sita, nadhani umesahau jinsi tunavyoishi. Mwanamke wa Shella haendi dukani kusimama mbele ya wanaume akachagua karatasi. Hutuma. Akiletewa, huisoma yeye na wenzake tunaposhona kofia alasiri, mmoja akisoma na wengine wakishona, na Nazmin mke wa Shabbir, asiyejua hata alifu, huja na kazi yake ya mkononi akae asikilize. Kisha karatasi huanza safari. Wajua sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nikikuletea mkate wa mofa, huwezi kunirudishia sahani kavu, utatia tende, utatia vitumbua. Na usipokuwa na kitu, siku hizi watu hutia Punda Sitaki. Nimeipokea karatasi yangu mwenyewe juu ya sahani yangu mwenyewe mara tatu, nikacheka hata mbavu zikauma.

Na hakuna mwezi ambao sahani hutembea kama Ramadhani. Kila magharibi ni kawa juu ya kawa, nyumba hata nyumba. Basi nimewaambia wanawake wote: kila aliyesoma au kusomewa aweke alama moja ya kidole kwenye pambizo, kwa hina, na asiye na hina atumie masizi ya chungu. Mtu mmoja, alama moja. Idi ikikaribia nitazikusanya karatasi nikuletee.

Umeniuliza kama nimesoma ya simba. Nina kazi nyingi.

Ila mwambie kijana huyo kwamba manyoya ya shingoni mwa simba wake hayakuchorwa kama manyoya, yameshonwa. Kila unywele una vitundu vitatu na kituo, vitundu vitatu na kituo, kama kofia ya mtu mzima. Sijui alijifunza wapi.

Shangazi yako,
Kibibi


Malindi, 26 Ramadhani

Kwa mwanangu Msellem.

Sijapata barua yako mwezi mzima. Nasema ni saumu, sisemi ni jambo jingine.

Tu wazima. Nimekuletea kifurushi kwa mkono wa nahodha, mfungulie Gokaldas mezani pake.

Ndani mna karatasi kumi na moja za Punda Sitaki, namba tatu. Zile nyingine ishirini na saba sikuweza kuzipata. Nne ziko Mambrui na watu wa huko wamekataa kuzitoa. Moja imekwenda Lamu ndani ya sanduku la bibi harusi. Nyingine zimechakaa kwa kushikwa, na moja mume wa mtu ameichana kwa kuwa mkewe alimjibu maneno ya punda. Sitamtaja.

Hizo kumi na moja nimezihesabu siku mbili, mimi na mwenzangu, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Alama ni mia tatu na nne. Zilikuwa mia tatu na sita, lakini bibi mmoja jirani aliweka tatu kwa mapenzi, nikazifuta mbili. Sitaki kusemwa.

Tazama ile ya juu kabisa. Ina alama sitini na moja, pambizo limejaa, wakaingia kati ya picha, wakazunguka mpaka mgongoni. Ukiona alama ndogo kando ya mkia wa punda, hiyo ni ya mtoto aliyebebwa, mama yake alishika kidole chake. Nimeihesabu, kwa sababu alikuwako na alisikiliza.

Karatasi kumi na moja, watu mia tatu na nne. Piga hesabu ya thelathini na nane mwenyewe, wewe ndiwe karani.

Idi njema. Mwambie Amin nimemkumbuka katika dua.

Kibibi


Mombasa, 4 Mfunguo Mosi

Shikamoo Shangazi, na Idi njema ingawa imepita.

Kifurushi kimefika. Shekha amezikalia zile karatasi tangu juzi, azigeuza na kuzigeuza. Yeye mwenyewe ameuliza kama punda atatoka. Nimemwambia sijui.

Nimempelekea Bwana Gokaldas. Alizitazama moja moja kwa heshima, kisha akaniuliza, "Hawa mia tatu, wamenunua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hawa ni watu mia tatu waliosoma bila kununua." Nami, Shangazi, naona ni kweli. Alama za hina haziingii daftarini. Mteja ni mtu aliyetoa mkono mfukoni. Watu mia nne wa Malindi wamemtolea simba, hilo halina ubishi, na hakuna aliyewalazimisha wala kuwapelekea juu ya sahani. Mtu mmoja, nakala moja. Hiyo ndiyo kura ya haki.

Wewe siku zote umeniambia niwe mkweli. Basi acha niwe mkweli: labda punda ni wa mtaa wako, na simba ni wa watu wote. Si aibu. Kuna watu wamekesha ▬▬▬▬▬ wakimchora simba huyo, wamemtia jasho, nao wana haki ya kufurahi kwamba amependwa. Hukupata kunena hata neno moja juu yake ila habari ya manyoya.

Jiwe litasuguliwa mwezi mosi wa Mfunguo Pili. Nimejitahidi.

Msellem


Malindi, 15 Mfunguo Mosi

Kwa mwanangu Msellem.

Marahaba. Sisi wazima. Shekha sasa yu mwezi wa nane, nami namletea vitu vya uzazi: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, hiliki na ubani. Vifurushi vitano. Nimevinunua kwa Shabbir na nimemtaka avifunge mwenyewe kama anavyowafungia watu wote. Sikuongeza wala kupunguza.

Katika barua yako kuna neno umelikata kwa wino mwingi. Sikulisoma.

Kuna jambo moja lililonipata baada ya Idi. Mwanamke mmoja wa Kigiriama, Randu, hutuletea mahindi na kuku kutoka upande wa Marafa. Safari hii alikaa barazani kwangu, akatoa tumbaku yake aliyonunua mjini, kisha akanipa karatasi iliyofungiwa tumbaku hiyo akaniambia, "Hebu nisomee mama, hapa yaandikwaje? Kila nikinunua tumbaku napewa mnyama huyu, na kila mara mnyama ni yuleyule, kichwa sikioni na mkia siuoni." Nikamsomea kipande kilichokuwapo. Akauliza mwanzo wake, nikamwambia sina. Akauliza mwisho, nikamwambia sina. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa.

Nilikuwa nataka kukuandikia maneno mengi. Nimeandika karatasi mbili nzima jana nikazitia jikoni. Wewe u mwanangu, na kuna mambo ambayo mtu anayeyafungua kwa mkono wake huyaelewa kuliko anayeambiwa.

Hili moja nalisema: punda haombi radhi. Mkimsugua kwenye jiwe, nitamchora ukutani kwangu kwa makaa, ndani kuanzia chini mpaka kwenye boriti, na wanawake watakuja kusoma ukuta, na Gokaldas aje ahesabu miguu mlangoni. Nimekwisha kuukwangua ukuta. Uko tayari.

Vifurushi uvifungue wewe. Usimpe Shekha kwanza.

Kibibi


Mombasa, 10 Mfunguo Pili

Shikamoo Shangazi.

Shekha amejifungua salama usiku wa Ijumaa, binti, mzito, mwenye sauti ya kukataa. Baba amepanda ngazi mbio akasahau goti. Mama na mtoto wazima, na ubani wako ndio unaofukizwa.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilivifungua vifurushi mwenyewe, mlango nimeufunga. Bizari ilikuwa ndani ya karatasi ya kwanza ya Simba Sultani. Pilipili manga ndani ya pili. Mdalasini ya tatu, hiliki ya nne, ubani ya tano. Shabbir hata hakuzichanganya. Kwenye ile ya tano, picha ambayo simba anavikwa taji, ndiyo niliyorudia kuichora mara kumi na moja, nikamwashia Shekha taa usoni, nikagombana naye. Ilikuwa imekunjwa katikati ya uso na imeingia mafuta.

Neno nililolikata najua ulilisoma. "Nikimchora simba huyo," ndivyo nilivyoandika. Ni wangu, Shangazi. Tangu karatasi ya kwanza. Manyoya nilijifunza chini ya kitanda chako cha kamba. Nilitaka uniambie ni mazuri bila kujua ni yangu, na nilipoona hukuniambia nikatafuta nambari ziniambie. Nambari zikaniambia. Mia nne! Nilikuwa nikilala nazo. Na kwa ajili ya hizo mia nne nilikuwa tayari kusugua jiwe lako kwa mkono wangu huu, huku nikikuandikia kwamba nakutetea. Sikukutetea. Fikira ya jiwe lako kusuguliwa ilikuwa yangu, Gokaldas aliikubali tu. Naona haya hata kuandika.

Nilikwenda kwa Bwana Gokaldas nikamwekea zile karatasi tano mezani, zinanuka viungo, nikamwambia kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Alinusa ile ya mdalasini, akauliza, "Kwa hiyo ningempelekea Shabbir karatasi nyeupe?" Nikasema naam, angezinunua vilevile, tena angefurahi, wino haungeingia kwenye sukari. Akapiga meza. "Basi simba amenilia wino wa miezi mitano!" Kisha akachukua karatasi yako ile ya alama sitini na moja, akaiinua juu ya mwanga wa dirisha, akasema kitu kwa Kigujarati, kisha akaniambia, "Hawa walimtafuta. Wale wengine walipewa." Akaniachia nichague jiwe.

Siku ya mwezi mosi nimelisugua jiwe la simba. Mchanga, maji, na jiwe dogo la mkononi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Taji lilikuwa la mwisho kutoka.

Punda karatasi ya nne imechapwa jana. Nimeisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa chini. Kwa miezi minne ilikuwa kwenye jiwe mbele yangu nami nilikuwa sijaisoma, nilikuwa nikiihesabu. Sitasema kama ametoka au hakutoka, Shella wajionee wenyewe. Lakini Shekha alipofika picha ya tisa alimpa mtoto Baba, akaanza upya.

Bwana Gokaldas amekubali nakala themanini, si zaidi, na asema akiona zimebaki hatachapa ya tano. Sikuweza kumpata zaidi ya hapo. Jambo moja nililifanya bila kumwuliza: nimetumia karatasi kubwa zaidi ya picha zako, ile ya vibandiko. Pambizo ni pana pande zote nne.

Nakuomba radhi, ingawa punda wako hapendi neno hilo.

Mwanao, kama bado wanikubali,
Msellem


Malindi, 27 Mfunguo Pili

Kwa mwanangu Msellem.

Marahaba, marahaba, na binti huyo akue mkubwa, mkaidi. Nimelia kwa furaha, nikatoa sadaka ya mikate. Mwambie Shekha asinyanyue ndoo.

Karatasi themanini zimefika kabla ya Alhamisi, na Jumapili dukani pake Shabbir hakuna hata moja. Nazmin ameficha yake chini ya godoro, asema mumewe akiitia mkono atalala barazani. Watu wamegawanyika: wanaofurahi kwa alivyofanya punda na wanaonuna. Walionuna ndio wanaoisoma mara mbili. Ukuta wangu nimeuacha umekwanguliwa vilevile, nitautia chokaa siku Gokaldas atakapochapa ya tano, asije akadhani nimetulia.

Ya tano nimo kuichora. Nataka nakala mia na ishirini, na umwambie sijadiliani.

Radhi nimekupa tangu kale, ulipokuwa huna meno ya mbele. Lakini ulinidanganya miezi minne kwa adabu na shikamoo, na hilo ndilo lililoniuma, si jiwe. Ningalipenda uniambie usoni, "Shangazi, wangu ni bora." Tungaligombana vizuri.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Rajabu uliponitajia simba kwa mara ya kwanza, nilimtuma mtu kwa Shabbir aniletee karatasi zote, kabla hazijafungiwa kitu. Uliniuliza nikakujibu nina kazi nyingi. Nilikwisha kuzisoma. Mfalme wako asema mno na watu wake hawasemi kitu, hilo utalirekebisha ukichora tena, na utachora tena, maana mkono unao. Lakini picha ile ya karatasi ya tano, anapovikwa taji na macho yake yako chini, niliitazama mpaka uji ukaungua.

Nimekuletea hiyo ya tano ndani ya barua hii. Haijakunjwa katikati ya uso. Tazama pambizo la chini, upande wa kulia. Hina yake ni ya Ramadhani, imekwisha kukauka.

Andika daftarini: simba, msomaji mmoja.

Shangazi yako,
Kibibi